Swichi ya taa na oili, wapi na wapi?

Nimerudi chuo jana kutoka nyumbani Kiegeani, begi bado linanuka samaki, na Ijumaa kuna test ya saikolojia ya elimu. Lakini hili nisipolitoa sitasoma kitu.

Mjomba wangu ni bodaboda, anabeba watu kati ya Kilindoni na Utende. Mwaka jana kanunua pikipiki mpya Dar, ina waranti. Muda wa kumwaga oili ulipofika akaipeleka kwa fundi wa pale kijijini, akaweka oili ileile iliyoandikwa kwenye kitabu, risiti anayo. Baadaye swichi ya taa ikafa. Kupiga simu dukani, eti kitabu hakina muhuri wao, kwa hiyo waranti imefutika. Yote!

Kupata huo muhuri, jamani, ilibidi apakie pikipiki kivukoni Kilindoni, avuke mpaka Nyamisati, aende Bungu ashike barabara ya Kilwa mpaka Dar, alale kwa ndugu, halafu arudi. Siku mbili tatu hana abiria, kwa kazi ya dakika 20. Na marejesho ya mkopo hayamsubiri mtu.

Najua mtasema mafundi wetu wanaharibu. Wapo, sibishi, nimemwona mmoja anakaza nati kwa nyundo. Basi thibitisha kwamba oili ndo imeua swichi! Mimi nasomea ualimu: mtoto akifeli Hisabati simpi sifuri ya Kiswahili eti kwa sababu alisoma tuisheni mtaani.

Wenzetu hili walishalishughulikia. Marekani wana sheria tangu 1975 (Magnuson-Moss): mtengenezaji haruhusiwi kukufunga na waranti ili utumie vipuri au fundi wake tu, labda akupe bure. Afrika Kusini, hapahapa Afrika, Tume ya Ushindani ilitoa mwongozo ulioanza Julai 1, 2021: gari likiwa bado ndani ya waranti, mwenyewe anachagua gereji. Fundi huyo akiharibu kitu, kichunguzwe, na hicho ndicho kinachoweza kukosa waranti. Sio gari zima.

Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na tume yake, FCC. Inakataza kumpotosha mteja na kutumia vibaya nguvu ya soko. FCC watoe mwongozo kama wa Afrika Kusini, na pikipiki waitaje kwa jina, maana bodaboda ndo gari letu. Na wauzaji wakikomalia muhuri wao, basi waulete Kilindoni. Kwani pikipiki si wanatuuzia mpaka huku?

Mjomba kanunua swichi kwa hela yake, kafunga fundi yuleyule. Taa inawaka. Kale kakitabu ka waranti shangazi kakaweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Haya, Piaget ananisubiri. Wenye pikipiki, nendeni mkasome vitabu vyenu sasa hivi, mniambie mmekuta nini.