Somo wa Bingwa



Majuzi alitujia mzazi mmoja kuandikisha ubatizo wa mtoto wake wa kiume. Tulipomwuliza jina, alilitaja la baba mdogo wa mtoto, marehemu, aliyekuwa daktari. "Tunataka naye awe daktari, Padre," alisema. Hapana la ajabu hapo. Wengi wetu tunabeba majina ya babu na bibi zetu, na juu ya hayo tunao watakatifu wasimamizi ambao majina yao tulipewa kwenye ubatizo. Ila siku ile fikra zetu zilikuwa mbali kidogo, kwa maana tulikuwa tumetoka kusoma habari za kijana mmoja wa China aliyepewa jina la bingwa ili naye awe bingwa, akawa bingwa kweli, kisha siku moja mbele ya macho ya dunia nzima akashindwa. Mtatuwia radhi basi ikiwa tafakari ya juma hili inahusu unyanyuaji wa vyuma. "Padre na vyuma wapi na wapi?" atauliza mmoja wenu, na ana haki ya kuuliza, sisi wenyewe gunia la mahindi hutushinda.

Kijana huyo alizaliwa mwaka 1993 huko Guilin, katika jimbo la Guangxi, akaitwa Shi Lei. Kwa Wachina jina la ukoo hutangulia. Sasa "Shi" maana yake ni jiwe, na herufi ya "Lei" huandikwa kwa kurundika alama ya jiwe mara tatu. Mtoto alikuwa na mawe manne katika jina lake kabla hajashika chuma chochote! Tungedhani jina la namna hiyo lamtosha mnyanyua vyuma yeyote. Lakini baadaye, akiwa mchezaji wa jimbo la Zhejiang, jina lake lilibadilishwa, akaitwa Shi Zhiyong: "zhi" ni hekima, na "yong" ni ushujaa.

Jina hilo halikuokotwa njiani. Lilikuwa na mwenyewe, tena yu hai. Shi Zhiyong wa kwanza alizaliwa mwaka 1980, na mwaka 2004, katika Michezo ya Olimpiki ya Athens, alitwaa medali ya dhahabu ya wanaume wa uzito wa kilo 62 kwa kunyanyua jumla ya kilo 325. Hawakuwa ndugu, walichoshirikiana ni jina la ukoo tu. Kama inavyosimuliwa mara nyingi, aliyependekeza kijana apewe jina hilo alikuwa Zhan Xugang, ambaye naye ni bingwa wa Olimpiki mara mbili, mwaka 1996 huko Atlanta na mwaka 2000 huko Sydney. Kijana akawa somo wa bingwa kwa shauri la bingwa. Tumkumbuke huyu Zhan, maana tutamrudia.

Kwa ajili ya wale ambao, kama sisi, hawakukulia karibu na mchezo huu, tueleze kidogo. Mnyanyuaji hufanya minyanyuo ya aina mbili. Katika ule wa kwanza chuma hutolewa chini na kufikishwa juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Katika ule wa pili hupandishwa kwanza hadi mabegani, mtu akasimama nacho, kisha akakisukuma juu. Kila aina ina majaribio matatu. Jaribio lililo bora la kila aina huchukuliwa, kilo zake zikajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayompatia mtu nafasi yake. Ukishindwa majaribio yote matatu ya aina moja, huna jumla, na asiye na jumla hana nafasi. Tena, uzito wa chuma haushuki. Ukiomba kilo 191 na ukashindwa, jaribio linalofuata litakuwa la kilo hizo hizo au zaidi, kamwe si pungufu.

Somo huyu alilitendea haki jina alilopewa, tena kwa wingi. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia wa kilo 69 katika mashindano ya Houston. Mwaka uliofuata, huko Rio, alinyanyua 162 na 190, jumla 352, akampita Daniyar Ismayilov wa Uturuki kwa kilo moja tu. Kilo moja, ndugu zangu, ni pakiti moja ya sukari. Mwaka 2018 shirikisho la dunia la mchezo huo lilipobadili madaraja ya uzito, alipanda hadi lile jipya la kilo 73, akawa bingwa wa dunia mwaka huo huko Ashgabat na tena mwaka 2019 huko Pattaya. Mwezi Aprili 2021, huko Tashkent, alinyanyua kilo 169 kwa mkupuo mmoja, rekodi ya dunia. Na katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka huo huo wa 2021 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, alinyanyua 166 na 198. Jumla ikawa 364, rekodi nyingine ya dunia, na aliyemfuata alikuwa nyuma yake kwa kilo 18. Somo sasa alikuwa amempita yule aliyempa jina, ambaye alikuwa na dhahabu moja ya Olimpiki. Mtu akitaja "Shi Zhiyong" ilibidi aulizwe: yupi?

Hata hivyo, katikati ya miaka hiyo ya fanaka kuna mwaka mmoja ambao habari za magazeti huuruka haraka. Mwezi Januari 2017 wanawake watatu wa China, yaani Cao Lei, Chen Xiexia na Liu Chunhong, walinyang'anywa medali za dhahabu walizopata Beijing mwaka 2008, baada ya sampuli zao za zamani kupimwa upya na kukutwa na dawa zilizokatazwa. Kwa kanuni za shirikisho, nchi yenye makosa matatu ya namna hiyo iliadhibiwa nzima. China ilifungiwa mwaka mmoja kuanzia Oktoba 2017, pamoja na nchi nyingine nane, na hivyo haikuonekana katika mashindano ya dunia ya Anaheim mwaka huo. Mwaka 2008 Shi Zhiyong wetu alikuwa mtoto wa miaka 14. Akiwa bingwa mpya wa Olimpiki, mwenye nguvu za miaka 24, akakaa nje kwa sababu ya makosa ya watu wengine, ya wakati ambao yeye alikuwa bado mwanafunzi.

Tulibishana sana juu ya jambo hili mezani, sisi na katekista wetu mmoja. Yeye alisema ni dhuluma tupu. Sisi hatukukubaliana naye moja kwa moja. Nchi ikivuna sifa kwa pamoja, ni vigumu kuieleza dunia kwamba aibu ni ya mtu mmoja mmoja. Wakati wa dhahabu wimbo wa taifa hupigwa, si wimbo wa mchezaji. Lakini tulikubaliana kwamba mwaka wa mnyanyua vyuma si kama mwaka wetu sisi. Sisi tukipoteza mwaka, tunasema Mungu atatupa mwingine. Yeye ana miaka michache ambamo mgongo na magoti vinakubali.

Na mgongo ulifika mahali ukakataa. Baada ya Tokyo alisumbuliwa na maumivu, akaonekana kwa nadra mashindanoni. Mwezi Aprili 2024, huko Phuket, kijana wa Indonesia aitwaye Rizki Juniansyah alinyanyua jumla ya kilo 365, akaivunja rekodi ya Tokyo kwa ile ile kilo moja ya sukari. Kijana huyo alizaliwa mwaka 2003. Shi Zhiyong wa kwanza alipopokea dhahabu yake Athens, huyu alikuwa mtoto wa mwaka mmoja.

Ikafika Paris, tarehe 8 Agosti 2024. Katika mnyanyuo wa kwanza Shi alifikisha kilo 165, kumi zaidi ya zile za Rizki. Alikuwa akiongoza, na kwa hesabu za karatasi kazi ilikuwa karibu kwisha. Katika mnyanyuo wa pili aliomba 191. Kumbukeni kwamba huko Tokyo alikuwa amenyanyua 198, na huko Rio, akiwa na mwili mwepesi zaidi, 190. Zilikuwa kilo anazozifahamu kama mtu anavyoufahamu mlango wa nyumba yake. Alijaribu, akashindwa. Chuma hakishuki, akajaribu tena zile zile 191, akashindwa. Akaja mara ya tatu, akashindwa. Basi, hapakuwa na jumla. Dhahabu ilikwenda kwa Rizki kwa kilo 354, ya kwanza kwa Indonesia katika mchezo huo kwenye Olimpiki, na tunampongeza kwa dhati, maana hakuiokota: alinyanyua 199. China ilikuwa imepeleka wanyanyuaji sita Paris. Watano walirudi na dhahabu. Mmoja alirudi mikono mitupu.

Hapa ndipo tunapotaka kusema letu. Wapo wanaosema kanuni ile ni ya kikatili, kwamba kilo 165 alizozinyanyua mbele ya waamuzi zisingepaswa kupotea. Hatukubaliani nao. Kwenye mashindano ya dunia kuna medali ya kila mnyanyuo na ya jumla. Kwenye Olimpiki ni ya jumla peke yake, na kila mchezaji anayepanda jukwaani anajua hivyo. Kumhurumia mtu kwa kuilaumu kanuni ni kumfanya mtoto. Shi Zhiyong hakuwa mtoto. Alikuwa mtu wa miaka 30, mwenye dhahabu mbili, aliyejua anachokiomba alipoomba 191.

Linalotusumbua sisi ni jina. Mtu akibadilishiwa jina ili afanane na mshindi, anapewa ushindi kama deni. Kila dhahabu aliyoileta ilionekana kama malipo ya jina, na siku aliyokosa ilikuwa rahisi kuona kana kwamba amevunja ahadi ambayo hakuiweka yeye. Mtatuambia kwamba jina lilimsaidia, lilimpa moyo. Inawezekana, na hatuwezi kubishana na dhahabu mbili. Lakini tungeuliza: kwa nini Shi Lei, mwenye mawe yake manne, asingeweza kushinda Rio kwa jina alilopewa na wazazi wake? Uzito wa chuma ungekuwa ule ule.

Sasa tumrudie Zhan Xugang kama tulivyoahidi. Huko Sydney mwaka 2000 alinyanyua kilo 207.5 katika jaribio lake la mwisho, akalingana kwa jumla na Viktor Mitrou wa Ugiriki, akatwaa dhahabu kwa sababu mwili wake ulikuwa mwepesi kidogo. Miaka minne baadaye alikwenda Athens kutafuta dhahabu ya tatu. Naam, Athens ile ile ya 2004 ambako Shi Zhiyong wa kwanza alipata ushindi ambao jina lake lilikuja kukopwa. Zhan alikuwa na miaka 30. Alishindwa majaribio yake yote matatu ya mnyanyuo wa kwanza, akaondoka bila jumla, bila nafasi.

Miaka ishirini baadaye, kijana wake, naye akiwa na miaka 30, naye akitafuta dhahabu ya tatu, alishindwa majaribio matatu huko Paris. Tulipoyaweka haya mawili pamoja tulinyamaza kidogo. Kutoka Athens, kijana alichukuliwa jina la aliyeshinda. Hakuna anayempa mtoto jina kwa kukumbuka siku mtu aliposhindwa, na hatusemi kwamba ifanywe hivyo. Lakini katika watu wawili waliokwenda Athens, aliyeweza kumweleza kijana huyu siku ya Paris ilivyo hakuwa yule mwenye jina lake. Alikuwa yule aliyelipendekeza.

Tumrudie na mzazi wetu, maana alikuwa bado amekaa akitusubiri na kalamu yetu hewani. Tulimwuliza kama huyo ndugu yake, daktari, aliwahi kushindwa mtihani wowote.

Alifikiri kidogo, akacheka. "Kidato cha nne, Padre. Alirudia. Alikaa nyumbani mwaka mzima akichunga mbuzi, hasemi na mtu."

Tukamwomba, mtoto akikua, amsimulie na hilo la mbuzi. Alisema atamsimulia. Tukaandika jina.