Nasaba, Mirathi na Nchi Zilizotawaliwa Pasipo Taji

Wazee wengi huitazama michezo ya kompyuta kwa jicho la karaha, na mara nyingi hawakosei, kwa maana mingi katika hiyo haimpatii kijana faida yoyote ila wepesi wa vidole na uchovu wa macho. Lakini si insafu kuihukumu yote kwa hukumu moja, kwani uko mmoja unaomlazimu mchezaji kutafakari jambo lililowashughulisha wenye hekima tangu zama za kale, nalo ni hili: nani amrithi mtawala, na kwa haki gani?

Mchezo huo huitwa Crusader Kings, kazi ya kampuni ya Paradox ya Stockholm, Uswidi, na toleo lake la tatu lilitoka tarehe 1 Septemba 2020. Mchezaji haongozi taifa wala jeshi, bali ukoo. Aweza kuanzia, kwa mfano, mwaka 867 au 1066, akiwa mtawala mmoja mwenye umri, tabia, maradhi, mke na auladi. Akifa, mchezaji huingia katika nafsi ya mrithi wake, kizazi baada ya kizazi hadi mwaka 1453. Na siku nasaba ikikosa mrithi mchezo umekwisha, hata kama hazina imejaa fedha na majeshi hayajapata kushindwa.

Katika duka moja la kuchapa barua na kutoa nakala hapo Manyamanyama, mjini Bunda, nilimtazama kijana mwenye duka akiucheza wakati wateja wamepungua. Mfalme wake, ambaye kwa vita, arusi za hesabu na hila nyingi alikuwa amekusanya falme tatu chini ya kiti kimoja, alifariki kwa maradhi. Na papo hapo kanuni ya mirathi ikaimega dola mafungu matatu, kila mwana na taji lake, na yule mdogo, ambaye hakuna aliyemdhania, akawa wa kwanza kumtangazia kaka yake vita. Kijana akaegemea kiti, akasema, "Mzee kaondoka, nyumba ishavunjika."

Hayo si njozi tu, kwani pwani yetu iliyaona. Seyyid Said bin Sultan alipofariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Omani, milki aliyoijenga kwa nusu karne iligawanyika kati ya wanawe: Majid akashika Unguja, Thuwaini akashika Maskati, na Barghash, aliyejaribu kumpindua Majid mwaka 1859, akahamishiwa Bombay. Ugomvi wa ndugu ukawapa Waingereza mlango wa kuingia. Na mwaka 1861 Lord Canning, aliyetawala Bara Hindi kwa niaba yao, ndiye aliyekata shauri kwamba nchi hizo mbili zitengane, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Mgeni aliamua mirathi ya wenyewe kwa kuwa wenyewe walishindwa kuamua.

Kwa kuonyesha gharama ya kutundika amani ya umma juu ya kitanda cha mgonjwa na susu ya mtoto, mchezo huu unastahili sifa. Kasoro yake ni nyingine, nayo ni kubwa: humzoesha mchezaji kudhani kwamba kila kipande cha ardhi sharti kiwe na bwana, na kila bwana awe na bwana mwingine juu yake, kana kwamba wanadamu hawakupata kubuni njia nyingine ya kuishi pamoja.

Mkoa wa Mara ni shahidi wa kinyume chake. Miongoni mwa Wazanaki mambo ya nchi yalishikwa na wazee kwa mpango wa marika, ambamo mwana hakuweza kuwa katika rika moja na baba yake, na waganga wa mvua walisikilizwa bila kuwa wafalme. Waikizu, jirani zao, walikuwa na watemi, lakini husimulia kwamba utemi wao ulitokana na mwanamke, Nyakinywa, aliyekuja kutoka Kanadi, Usukumani, na elimu ya mvua. Na hata Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki wa Butiama, aliwekwa katika uchifu na Wajerumani mwaka 1915. Alikuwa na wake 22, na alipofariki mwaka 1942 mwanawe Wanzagi akakalia kiti.

Mwana mwingine wa Burito, Kambarage, alikwenda njia nyingine. Husimuliwa kwamba Chifu Ihunyo wa Busegwe, rafiki wa Burito, aliuona wepesi wa akili wa mtoto huyo katika mchezo wa bao, akashauri apelekwe shule. Na mwaka 1934 akaingia shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka 1963, naye akiwa Rais wa Tanganyika, sheria ikaufuta uchifu nchi nzima, na nyumba ya baba yake haikusazwa. Kwa kanuni za mchezo ule, mtawala auvuaye ukoo wake cheo kwa hiari ameshindwa. Kwa kanuni za taifa letu, hilo ni katika mambo yaliyotuepusha na fitina za makabila na warithi.

Basi nisemalo ni hili. Mzazi asimnyang'anye kijana mchezo huu kwa hasira, bali amwulize nani amrithi mfalme wake na raia wamepata nini. Mwalimu wa historia autumie kufungulia mjadala wa Said na wanawe. Na vijana wetu wanaosomea kuandika programu katika vyuo vya Dodoma na Dar es Salaam wakae na wazee wa Butiama na Ikizu wangali hai, watutengenezee mchezo ambao mshindi wake si mwenye nasaba ndefu, bali ni yule aliyekabidhi nchi kwa rika lijalo ikiwa na mvua, chakula na amani.