Kompyuta ikishindwa kujieleza, mjinga anakuwa wewe

Wadau, leo tuachane na siasa kidogo. Nina hasira na kitu kingine kabisa: ujumbe wa kosa. Yaani yale maneno ambayo kompyuta inakutupia usoni pale programu uliyoiandika inapogoma.

Chumba cha habari kina sheria zake. Ripota akileta stori isiyosema nani, nini, wapi na kwa nini, mhariri anairudisha saa hiyohiyo. Sasa chukua programu ya lugha ya C. Ikigusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, unaambiwa "Segmentation fault", basi. Faili gani? Mstari wa ngapi? Kimya. Ukitaka zaidi fungua dibaga, kile chombo cha kusakia makosa. Unafungua gdb, ambayo Richard Stallman aliianzisha mwaka 1986, inakujibu kwamba haina taarifa za majina uliyotumia, kwa sababu hukuandika -g wakati wa kuitengeneza programu. Unarudi, unaandika, unauliza thamani ya jina fulani. Jibu: "optimized out". Kompaila imeliondoa ili programu ikimbie. Ni sawa na kumwita polisi, naye anakwambia ushahidi kautupa njiani ili gari liwe jepesi!

Kichekesho kikubwa kilikuwa PHP. Waisraeli wawili, Zeev Suraski na Andi Gutmans, walioandika upya kiini cha lugha hiyo, waliipa alama ya nukta pacha mbili jina la Kiebrania. Ukiiweka pasipo pake, ulikuwa unaambiwa kuna T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM isiyotarajiwa. Mimi mtetezi wa Kiswahili nawaonea wivu kwa kuipenda lugha yao, lakini jamani, kijana wa Mbagala aelewe nini hapo? Mpaka toleo la 8.0, mwaka 2020, ndipo ujumbe ukaanza kuonyesha alama yenyewe bila jina hilo.

Wakongwe wa fani wana jibu lao: mateso ndiyo shule. Sikubali. Java ilitoka mwaka 1996, na kwa miaka mingi ilikuwa ikipiga kelele "NullPointerException" na kukupa namba ya mstari tu. Mstari huo ukiwa na vitu vitano vinavyoweza kuwa tupu, kazi kwako. Machi 2020, toleo la 14 likaweza kutaja ni kipi hasa kilikuwa tupu. Python nayo, ukisahau kufunga mabano, ilikuwa inakulaumu kwa mstari unaofuata ambao hauna kosa lolote. Toleo la 3.10, Oktoba 2021, linakuonyesha bano lenyewe ulilolifungua na kuliacha wazi. Kwa hiyo iliwezekana. Ilikuwa suala la nani anahesabiwa kuwa muhimu.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Kompaila haiwezi kujua ulikusudia nini, na mahali kosa linapogundulika si lazima liwe limezaliwa hapo. Maiti kuokotwa Coco Beach hakumaanishi mtu aliuawa Coco Beach. Lakini taarifa nzuri husema kile kinachojulikana, na hayo waliyoyaongeza Java na Python ni mambo ambayo mashine ilikuwa na uwezo wa kuyajua.

Kwetu uzito ni mara mbili. Mtoto kasoma msingi kwa Kiswahili, akarukia Kiingereza sekondari, akifika chuoni anapewa Kiingereza cha tatu ambacho hata Mwingereza hakielewi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na menyu zikazungumza Kiswahili. Ujumbe wa makosa wa lugha za programu haukufuata njia hiyo. Siku hizi kijana anaukopi na kuupelekea akili mnemba imfafanulie. Mashine inahitaji mkalimani kwa mashine nyingine, na bando unalipa wewe!

Wanaoacha somo hili hawasemi ujumbe ulikuwa mbovu. Wanasema "mimi kompyuta siziwezi", na tunawaamini.

Kwa hiyo wahadhiri wenye maabara ambazo bado zina Python ya kabla ya 3.10, ombi langu ni dogo: wekeni mpya kabla muhula haujaanza. Kuipakua ni bure. Nawasilisha.