Manga isingoje misafara
Uchaguzi ukikaribia, misafara ya magari huupanda mlima wa Manga, ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira. Mama aliyetua kikapu cha majani chai kituoni huahidiwa lami na bei nzuri. Kura zikishahesabiwa, vipaza sauti hunyamaza na matope hubaki palepale. Lakini sisi wa Manga, katika eneo bunge la Kitutu Masaba, tuna mfano wetu. George Anyona, aliyekuwa mbunge wetu, aliwekwa kizuizini mwaka 1977 kwa kuihoji serikali, na tena 1982 alipotaka kuunda chama cha upinzani pamoja na Jaramogi Oginga Odinga. Hakwenda Nairobi kupiga mnada kura zetu sisi Abagusii. Alikwenda kuuliza maswali. Leo haki ya kuuliza ni ya kila mmoja wetu. Katiba ya 2010 inazipa kaunti zote kwa jumla angalau asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya taifa, na inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Basi vikao vya bajeti vinapoitishwa, tusiwaachie wachache viti. Twende, tukae mbele, tuulize.