Pamba safi: gharama ataibeba nani?

Shati linalouzwa Ulaya kwa sifa ya kutoharibu mazingira huenda lilianzia kwenye shamba la ekari mbili Kwimba, Magu au Misungwi. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu huuzwa nje ikiwa marobota, na huko masharti yanabadilika.

Julai 2024 ilianza kutumika sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zinazodumu na zisizochafua mazingira. Nguo zimo katika kundi la mwanzo. Zinaandaliwa taratibu za kila nguo kuwa na pasipoti ya kidijitali, yaani taarifa zinazoeleza imetengenezwa kwa nini na imepitia wapi.

Kwa mkulima wa Kanda ya Ziwa, jambo hilo linaanzia ghalani. Pamba ya wakulima wote ikishamwagwa rundo moja, hakuna anayeweza kusema ipi ilipuliziwa viuatilifu na ipi haikupuliziwa. Viroba navyo vina madhara: nyuzi zake za plastiki zikiingia kwenye pamba hazishiki rangi, na kitambaa hutoka na kasoro. Mchanga na maji ya kuongeza uzito, hayo mnayajua.

Majirani zetu wa Meatu, mkoani Simiyu, wana uzoefu wa njia nyingine. Tangu 1994 kampuni ya bioRe imekuwa ikishirikiana na wakulima wa kilimo hai huko. Hawatumii mbolea za viwandani wala dawa za kemikali. Hupanda alizeti pamoja na pamba ili kupunguza wadudu waharibifu, hubadilisha mazao shambani, na pamba yao haichanganywi na nyingine. Hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko.

Sisi wa kando ya ziwa tuna faida nyingine hapo, maana dawa inayobaki shambani husombwa na mvua hadi mitoni na ziwani, tunakovua na kuchota maji.

Lakini tusidanganyane. Jirani akipulizia, upepo unaileta dawa kwako, na mkaguzi wa cheti analipwa fedha. Meatu yupo mnunuzi aliyejipanga. Pasipo na mnunuzi kama huyo, mkulima anaweza kuongezewa kazi kisha akauza kwa bei ileile.

Kwa hiyo, ukiletewa mkataba wa pamba ya kilimo hai, uliza kwenye AMCOS yako kabla ya kutia saini: ukaguzi unalipwa na nani, nyongeza ni kiasi gani, na je, imeandikwa?