Kipima Umbali Si Udanganyifu

Mchezaji wa ridhaa akitoa leza mfukoni ili apime umbali wa kibendera, katika vilabu vingi hakosi mwenzake wa kumnunia. Wapo wanaotamka waziwazi kwamba huo ni udanganyifu, kwamba gofu ya kweli huchezwa kwa jicho. Dai hilo nalipinga kwa nguvu zote. Linawaita wadanganyifu watu wanaofuata kanuni, na katika mchezo ambao kila mtu hujihesabia mikwaju yake mwenyewe, hakuna tusi zito kuliko hilo.

Kanuni haina utata. R&A na USGA, wasimamizi wa kanuni za gofu duniani, walifungua mlango mwaka 2006 walipoziachia kamati za mashindano kuweka kanuni ya ndani inayokubali vipima umbali. Tangu Januari 1, 2019 mambo yamegeuka. Kanuni ya 4.3 inamruhusu kila mchezaji kupima umbali, na kamati isiyotaka ndiyo inayopaswa kuweka kanuni ya ndani ya kuzuia. Anayekuambia leo kwamba leza ni marufuku, na kamati haijasema hivyo, anasoma kitabu cha zamani.

Hata hivyo, sitaegemea kanuni peke yake, maana jambo linaweza kuwa halali na bado likawa baya. Wapinzani wanasema kukisia umbali ni sehemu ya ustadi. Basi mbona viwanja vina alama za yadi 100, 150 na 200? Mbona wachezaji wa kulipwa hutembea na vijitabu vyenye vipimo vya kila banka na kila ukingo wa grini? Na mbona unaruhusiwa kumuuliza hata mpinzani wako umbali uliobaki hadi shimoni, ilhali ukimuuliza ametumia fimbo namba ngapi unaadhibiwa? Waliotunga kanuni walitofautisha mambo mawili: umbali ni taarifa ya wote, uamuzi wa fimbo ni wako.

Tena, umbali ukifichwa, anayenufaika ni mwenyeji. Mwanachama aliyeuzoea uwanja kwa miaka mingi anajua kila mti uko yadi ngapi kutoka grini. Mgeni hajui. Leza humpa mgeni kile ambacho mwenyeji anacho kichwani tayari.

Mchukue mchezaji wa Nyali, Mombasa, anayepanda kwenda kucheza Muthaiga, Nairobi. Leza inamwonyesha yadi 150. Lakini Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali kuliko alivyozoea pwani. Fimbo iliyokuwa ikimtosha Nyali itaupitisha mpira nyuma ya grini. Hapo ndipo ustadi ulipo: kujua 150 ile ina maana gani mahali pale, kwa upepo ule, kwa mkono wake yeye. Akishajua, bado anapaswa kuupiga mpira sawasawa. Futi ya seremala haijawahi kupiga randa. Hata kwa wachezaji wa kulipwa ni hivyo. Mei 2021 vipima umbali viliruhusiwa katika PGA Championship, uwanja wa Kiawah Island, Marekani. Phil Mickelson alishinda akiwa na miaka 50, mkubwa kwa umri kuliko wote waliowahi kutwaa taji kubwa la gofu. Ruhusa ile walikuwa nayo washindani wake wote.

Hoja moja ya wapinzani naiheshimu, kwa sababu inagusa riziki za watu: kwamba kifaa hiki kitawaondolea makedi kazi. Katika viwanja vyetu vya Afrika Mashariki, kedi analisha familia kwa mfuko anaobeba. Lakini kedi mzuri hajawahi kulipwa kwa ajili ya kutaja yadi tu. Anajua grini inateremkia wapi, upepo wa saa kumi jioni unageukaje, na bosi wake akichoka huanza kukosea upande gani. Kanuni zinamruhusu kukushauri fimbo na kukuonyesha mstari. Kwa hiyo anayeilaani leza huku kedi wake akimwambia "Chukua namba saba, lenga kushoto kwa banka" anapokea msaada mkubwa kuliko tarakimu zozote za kwenye kioo. Mlipe kedi vizuri, na leza ibaki mfukoni mwako, havigombani.

Mpaka upo, na ulindwe bila huruma. Kifaa kinachopima mwinuko wa ardhi, kinachopima upepo uwanjani au kinachokuchagulia fimbo kimeingia kwenye uamuzi, na matumizi hayo hayaruhusiwi. Kosa la kwanza ni mikwaju miwili ya adhabu, au kupoteza shimo katika mechi ya wawili. La pili ni kuondolewa mashindanoni. Anayecheza kombe la klabu huku ameiacha sehemu ya mwinuko ikifanya kazi ndiye wa kukemewa, naye akemewe pale pale.

Kamati za vilabu ziache kuwawekea wachezaji wa ridhaa marufuku ambayo kanuni za dunia hazizilazimu kuiweka. Kama iko kwenye masharti ya mashindano yenu, ifuteni kabla ya kombe lijalo. Na wewe mwenye leza, zima kipimo cha mwinuko kabla ya shimo la kwanza, pima mara moja, mwambie na mwenzako umbali, kisha piga.