Kufuli halifundishi nidhamu ya mtandao

Serikali ya Kenya ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka 2016, na mtaala wa umilisi ukautaja ujuzi wa dijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Shule inayozifungia kompyuta stoo ili zisiharibike haimzuii mwanafunzi wa Kayole au Dandora, Nairobi, kuingia mtandaoni. Anahamia saiba ya mtaani, ambako mwenye duka huhesabu dakika, si kurasa.

Wapo wanaohofia kamari na picha chafu, na hofu yao ina msingi, vichujio viwekwe. Ila kichujio cha shule hakimfuati mtoto hadi kwenye simu ya mamake jioni. Kinachomfuata ni mazoea: kufunga akaunti kabla ya kuinuka, kutompa rafiki nywila, kutaja alikotoa maelezo ya insha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 huadhibu usumbufu wa mtandaoni, na afadhali aijulie darasani kuliko kituoni. Walimu wakuu, fungueni vyumba vya kompyuta, mwalimu akiwa ndani.